Deraya ya Penina wa Saba

Jumatatu, 4 Agosti

Penina wa Kwanza amekufa leo saa kumi na moja na dakika nne jioni. Dakika nne! Nimemjenga siku tisa.

Niandike vizuri, maana daftari hili nimelinunua kwa mambo ya kitaalamu. Penina wa Kwanza ni meli ya anga. Iko kwenye gemu, ndani ya kompyuta ninayochorea mageti hapa karakanani kwangu Mwisenge, Musoma. Kila mchezaji anajenga meli yake mwenyewe kipande kwa kipande: injini, mizinga, vyumba vya kukaa. Kisha anaivalisha deraya, yaani magamba ya chuma ya kuzuia risasi. Halafu mnatoka angani mnapigana na wengine. Meli ikilipuka huruhusiwi kutoka tena mpaka kesho. Ndiyo sheria, haina rufaa.

Penina mwenyewe, yule asiye na namba, ni mke wangu. Yuko Bunda tangu Januari, anamuuguza mama yake aliyevunjika nyonga.

Mtu atasema Bunda si hapo tu, saa moja na nusu kwa basi. Ni hapo tu. Lakini kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja lazima akumbuke shughuli kichakani. Na mama mkwe wangu (jina lake siandiki, hata humu) anashinda barazani kwenye kiti, toka uji wa asubuhi hadi jioni, mguu kaunyoosha mlangoni. Nyumba ina mlango mmoja. Februari nilijaribu. Nimefika getini, geti nililolichomelea mwenyewe, nikamwona, akaniona, akajifunika kanga usoni, na mimi nikaruka kwenye banda la kuku la jirani. Nilikaa humo saa nzima. Penina alinipitishia chai juu ya wavu. Kuku walinitazama kama nimekuja kuomba kazi.

Simu haisaidii. Kwenye simu Penina anatoa taarifa kama karani wa zahanati: mama amekula, mama hajala, mama amegeuzwa. Lakini ndani ya meli, tukivaa hedifoni, tunasikiana kama tumekaa kwenye mkeka mmoja. Anacheka. Ana kicheko kinachoanzia puani. Miaka ishirini na nne nimekisikia bure, sasa nakitafuta angani.

Mimi naendesha. Penina analisha mzinga risasi. Mpiga mzinga ni roboti wa kompyuta, anaitwa Kwangu. Saa kumi na moja mama mkwe anaingia ndani kupumzika, ndipo sisi tunatoka. Sauti inasikika meli ikiwa hai tu. Ikilipuka, kimya.

Kwa hiyo hesabu ni nyepesi. Deraya nzuri, mke wa muda mrefu. Deraya mbovu, mke wa dakika nne.

Aliyetulipua ni Benson, afisa mifugo wa Butiama, niliyesoma naye. Meli yake inaitwa Fahali. Ametuma ujumbe: pole sana mzee mwenzangu. Hiyo "sana" naijua mimi.


Jumanne, 5 Agosti

Nimegundua kosa. Bati lilikuwa jembamba! Mimi ni fundi wa mageti mwaka wa ishirini na sita. Geti langu la Mwigobero liligongwa na lori la dagaa, lori ndilo likaenda gereji. Kama Musoma hii kuna mtu anayekijua chuma, ni huyu anayeandika.

Penina wa Pili basi: tabaka sita za chuma kizito, mbele, nyuma, juu, chini, hadi kwenye madirisha. Omari, fundi seremala wa jirani, kaja kuazima grinda. Katazama skrini. Kauliza hilo ni sefu au jeneza. Nikasema ni meli. Kauliza injini ni zipi. Nikamwonyesha zile mbili. Akasema, "Fundi, hapo umemvalisha mbuzi koti la bati halafu unamwambia akimbie."

Seremala. Anajua nini habari za chuma.

Jioni. Injini zimeunguruma zote, meli imesogea kama mtu aliyetoka kumaliza ugali wa msibani. Kugeuka peke yake dakika mbili. Benson hakuwa na haraka. Katuzunguka, kachagua pa kupiga kama anayemchoma sindano ng'ombe aliyefungwa, katupiga kwenye tundu la injini, sehemu pekee isiyofunikika.

Dakika saba, lakini. Saba! Penina amepata nafasi ya kunisimulia habari za Judith wa kwaya, aliyesimama Jumapili kutoa ushuhuda akiwa na mkoba mkubwa wa ngozi. Basi akaufungua mbele ya watu wote, mchungaji akachungulia, akaona...

Mlipuko.

Nimempigia simu palepale kuuliza mchungaji aliona nini. Penina akanijibu kwa sauti ya zahanati kwamba mama amekula vizuri.


Jumatano, 6 Agosti

Wazo limenijia nikiwa namalizia geti la mtu wa Kiriba. Geti linazuia mwizi, na bado si ukuta! Lina nondo na nafasi, nondo na nafasi. Ni jepesi, mtoto analifungua.

Penina wa Tatu amevaa nondo za mshazari mwili mzima, maua mawili ubavuni, na mikuki juu. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii, na mimi ndiye niliyetengeneza madirisha ya ukumbi wa harusi. Penina alipomwona akasema, Baba Mseti, huyu amependeza kuliko mimi. Nikamwambia hapana, hajakufikia, wewe hujawahi kushika kutu. Akacheka. Puani kwanza, halafu chote.

Risasi si mwizi. Risasi haitafuti kufuli. Imepita kati ya nondo bila hata kugusa ua. Dakika mbili na nusu.

Benson katuma ujumbe kuuliza kama nilichotoka nacho ni meli au kibanda cha chipsi.

Mwanamke amecheka, lakini. Naandika tu.


Alhamisi, 7 Agosti

Umeme umekatika toka asubuhi. Hakuna gemu, hakuna kuchomelea. Omari kaja kukaa. Ameniuliza wiki hii nimeua Penina wangapi. Watatu, nikasema. Akasema kwao Waislamu, ukimhesabu na Shemeji mwenyewe, ningekuwa nimeshafikisha wanne na nisiruhusiwe kuongeza.

Mchana Benson kapiga simu. Ati ananionea huruma. Akaanza kunifundisha deraya kwa sauti ile anayowafundishia wafugaji kuogesha ng'ombe. Kwamba risasi ya gemu hili inalipuka ikigusa kitu cha kwanza, hata kama ni kibati. Basi uipe kibati chembamba huko nje ilipukie hapo. Nyuma yake acha nafasi tupu, moto uishie hewani. Ndipo uweke chuma chenyewe, na ukilaze mshazari ili kinachobaki kiteleze. Usifunike kila kitu, funika kile ambacho kikiguswa mmekufa. Na ndani gawanya vyumba kwa kuta, tundu la chumba kimoja lisiwe msiba wa nyumba nzima.

Nimemshukuru kwa ubaridi. Nimemwambia nitaangalia.

Nimeandika yote hapa kwa ajili ya kumbukumbu tu. Sitayatumia.


Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Benson yuko kwenye maonyesho na ng'ombe wake wa kisasa, hatatoka angani leo. Kwa kuwa hayupo kuniona, nimetumia mashauri yake.

Kibati nje: nimeweka. Chuma cha mshazari ndani: nimeweka. Lakini ile nafasi tupu katikati imenishinda. Mimi nimekulia nyumba ya watu kumi na mmoja na vyumba viwili. Nafasi tupu kwetu ilikuwaga dharau, ukiiona unalaza mgeni. Nikatazama pengo lile kuizunguka meli nzima, nikaona ni ujinga wa watu wenye nafasi. Nikalijaza matanki ya mafuta.

Moyo wangu ulikuwa mweupe. Benson hayupo, mafuta ya kutosha mwaka mzima, Penina ameshavaa hedifoni. Akasema, haya, nikuanzie tena ya Judith. Nikasema anzia kwenye mkoba. Akasema haiwezekani, lazima nianzie mwanzo ndipo ipendeze. Judith akasimama, akakohoa kidogo, akasema Bwana asifiwe...

Mtu tusiyemjua, aliyekuwa anapita zake, kajaribu kijibunduki chake kipya.

Mwanga ule sijawahi kuuona. Tumelipuka sisi, kalipuka yeye, kalipuka na wa tatu aliyekuwa mbali anachimba madini. Wameniandikia maneno ya Kiingereza ambayo sitayatafuta kwenye kamusi.

Sekunde arobaini.

Jioni Penina kanitumia ujumbe: "Baba Mseti, tumeona mwanga tu." Amesema tumeona. Kwa hiyo na roboti amemhesabu, masikini. Ana huruma huyu mwanamke.


Jumamosi, 9 Agosti

DAKIKA KUMI NA TISA!

Penina wa Tano. Pengo nimeliacha tupu. Imeniuma, nimefumba macho wakati wa kufuta matanki, lakini nimeliacha. Benson karudi kutoka kwenye maonyesho na hasira (nasikia fahali wake kashika nafasi ya tatu), akatupiga, risasi zikawa zinapasukia nje kama bisi. Pah! Hakuna kitu. Pah! Hakuna kitu. Kwangu naye leo kapiga mzinga kwa shabaha ya ajabu, kamng'oa Benson bawa. Nikamsifu kwa sauti, nikamwambia wewe boksi la bati una akili kuliko watu wengi wa kule nilikooa. Nilikuwa na furaha.

Na kwa kuwa kulikuwa na muda, nikasema ya moyoni. Nikamwambia Penina nyumba imekuwa kubwa. Kwamba nalala upande wake wa kitanda kwa sababu wangu nimeuzoea. Kwamba sufuria dogo nimeliunguza, lile kubwa nalo naelekea. Kwamba jioni nikifunga karakana naenda nyumbani kwa njia ya mbali, maana ya karibu inanifikisha mapema.

Penina akasema taratibu, Baba Mseti, si hapa. Nikasema hapa wapi, tuko wawili na roboti. Nikaendelea. Nikasema hiyo nyonga inapona kama barabara ya vumbi inavyowekwa lami. Nikasema kwa maoni yangu mama yake alishapona tangu Pasaka, ila kaonja raha ya kupikiwa.

Penina akapaaza sauti: Baba Mseti!

Roboti akakohoa.

Kikohozi kirefu, cha mtu mzima, chenye kanga mdomoni. Kisha injini ikapigwa na tukalipuka.

Wameboresha sana hizi kompyuta.


Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada nimemuuliza Omari kama roboti anakohoa. Kasema wakikaa sana kwenye vumbi la mbao, ndiyo.

Saa nane simu ya Penina. Ananong'ona. Kaniambia yuko nyuma ya jiko, na nikae chini kwanza.

Kwangu si roboti. Kwangu ni jina la usichana la mama mkwe.

(Nimeshaliandika mara ngapi humu? Nimehesabu. Nimerudi nyuma kote nimelifuta kwa wino. Bado linasomeka kwa upande wa pili. Kwenye karatasi mpya nitaandika "yule.")

Mseti, mwanetu aliye Dodoma, alimtumia bibi yake tableti apitishie muda. Penina akamfundisha gemu. Kumbe saa kumi na moja hapumziki, anaingia ndani kutafuta chaja! Na anaipenda. Anasema mambo ya kulenga yanamkumbusha alivyokuwa anafukuza ngedere shambani. Hakunena neno kwa sababu ni mkwe, na mkwe haongei na mkwe. Kakaa kimya kwa heshima, wiki nzima, anapiga mzinga.

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Penina akasema aliniambia siku ya kwanza kabisa, kwamba mama ndiye atapiga mzinga. Nikajibu sawa sawa mke wangu, huku nachomelea. Anasema alisikia cheche.

Wiki nzima nimekaa chumba kimoja na mama mkwe. Mita mbili! Nimemwita boksi la bati. Nimeimba mbele yake. Nimemsimulia kitanda.

Nimekwenda kulala saa kumi na mbili jioni na viatu.


Jumatatu, 11 Agosti

Sijatoka angani. Nimemalizia lile geti la mtu wa Kiriba, nimeliweka bawaba upande mmoja na mwingine, halifunguki.


Jumanne, 12 Agosti

Ujumbe kutoka Bunda, kwa mkono wa Penina. Mama hajakasirika. Mama anasema maneno ya mwanaume mwenye upweke hayana mguu wa kufika mbali. Lakini hawezi kukaa tena chumba kimoja na mkwe wake, hata kama chumba kiko angani. Na hawezi kuacha gemu, maana yule mtu wa Butiama ana dharau. Kwa hiyo mkwe aweke ukuta.

Ukuta! Si ndiyo kazi yangu?

Nimejenga Penina wa Sita chapuchapu, nikaigawa meli kati kwa kati kwa kizuizi cha nondo, kazi safi, na ua. Penina akamwonyesha mama. Jibu limerudi: nondo ni kuchungulia. Penina wa Sita amekataliwa kabla ya kuondoka bandarini. Wa kwanza kufa bila vita.


Jumatano, 13 Agosti

Penina wa Saba.

Nje kibati. Kisha pengo tupu. Kisha chuma cha mshazari. Pengo jingine. Chuma tena. Tabaka tano kwa jumla ukihesabu na hewa, na sasa hewa naihesabu. Katikati ya meli, kutoka sakafuni hadi darini, ukuta mzima wa chuma usio na mlango wala tundu la ufunguo. Mbele mimi na usukani. Nyuma mzinga na mpigaji wake.

Dakika thelathini na moja! Benson kapiga nyuma, tundu limetokea nyuma, mbele salama. Kapiga mbele, nyuma wameendelea kumtwanga. Hakujua aanzie wapi. Mwisho kapigwa Fahali kalipuka, mara ya kwanza tangu tuanze! Tumekufa baadaye sana, kwa mtu mwingine, kwa heshima.

Nimempigia Omari kelele dirishani. Kaja. Nikamwonyesha mchoro. Akauliza huyu mwenye kulisha mzinga risasi, yeye anakaa wapi? Nikasema nyuma, mzinga si uko nyuma. Akauliza kwa hiyo Shemeji yuko upande ule na wewe uko upande huu? Nikasema ndiyo. Akauliza mnasikiana? Nikamweleza kwamba gemu hili limetengenezwa na watu makini: chumba kisichopitisha hewa hakipitishi na sauti.

Omari kakuna kichwa, kasema hongera.

Ni kweli hatukusikiana. Lakini kwenye usukani kuna kitaa cha kijani, kinawaka kila risasi inapoingizwa mzingani. Anayeingiza ni Penina. Nimekitazama kile kitaa dakika thelathini na moja. Wakati mwingine kiliwaka upesi upesi, nikajua ana ari. Mara moja kilichelewa sana, nikajua wanacheka. Itakuwa amemfikisha Judith kwenye mkoba.

Mama mkwe sasa anajua mchungaji aliona nini.


Alhamisi, 14 Agosti

Dakika thelathini na nane. Kitaa mara sitini na mbili.

Jioni simu. Sauti ya Penina leo si ya zahanati. Kaniambia mama anaweza kutembea na fimbo sasa, na kesho Ijumaa mchana Ursula, dada yake Penina, anakuja kumchukua kwa gari ampeleke Butiama, akasalimie. Atarudi Jumapili. Nikasema vizuri, hewa ya Butiama ni nzuri kwa mifupa.

Akasema nyumba itakuwa tupu, Baba Mseti. Ijumaa usiku, Jumamosi yote.

Akasema ni mama mwenyewe aliyepanga. Alimwambia, mjulishe mkwe wangu kwamba siku mbili mimi sipo.

Akasema amenunua sato wawili wakubwa.

Nimeelewa mara moja! Hakuna mama mkwe, hakuna haja ya ukuta. Penina anaweza kukaa mbele, na usukani, na mimi! Si saa kumi na moja tu, ni kutoka asubuhi. Nikamwambia nimefurahi mpaka nimeshindwa kusema. Nikamwambia asijisumbue na mambo ya kupika samaki, atapoteza muda mwingi. Akauliza muda wa nini. Nikamwambia atakuja kuona mwenyewe, ni jambo la kumshangaza.

Akacheka. Puani. Akasema basi njoo mapema.

Nitaamka kabla ya jogoo.


Ijumaa, 15 Agosti

Nimefunga karakana kwa wateja saa nne asubuhi. Mtu wa Kiriba kaja kulalamika bawaba, nimemwambia arudi wiki ijayo, nina safari. Siku nzima nimefanya kazi kwenye Penina wa Saba. Ukuta nimeutoa. Mbele nimeweka viti viwili, vinagusana mikono. Mzinga nimeuhamisha. Kisha nikaona bila ukuta ule meli imekuwa dhaifu, na siku mbili nzima si mchezo, nikaongeza chuma pale na hapa, nikapima, nikapunguza, nikalaza upya mshazari wa ubavuni. Hamu ya kwenda haraka ni kitu kibaya, inaharibu kazi. Nimeikalia.

Simu imeita mara tatu. Sikuwa na mkono wa kushikia.


Jumamosi, 16 Agosti

Saa mbili asubuhi. Nimeingia melini. Nimeoga, nimevaa shati la bluu analolipenda. Najua haonekani mtu, lakini nimevaa.

Saa nne. Penina hajaingia. Itakuwa bando.

Saa tano. Omari kapita, kanikuta. Kashtuka. Kasema alidhani nimeshafika Bunda jana, si nilimwambia nyumba ni tupu? Nikamweleza vizuri: kwenda saa moja na nusu, kurudi saa moja na nusu, jumla saa tatu zinapotelea barabarani. Hapa nakaa, nimeshafika. Omari kapita hadi kwenye zana, kachukua grinda yangu bila kuomba, kaondoka nayo.

Saa sita na nusu. Simu ya Penina. Nikasema niko ndani nakusubiri. Sauti ikamruka kwa furaha, akasema uko ndani? Ndani wapi, sikuoni! Umeingilia wapi? Nikasema ndani ya meli. Njoo uone viti.

Mtandao ukakatika. Maana nilisikia tii tii tii.

Saa nane. Benson kaja na Fahali mpya na wenzake wawili. Wamepiga nusu saa. Deraya haikupata hata mkwaruzo wa kusimulia! Wameondoka. Nilitaka Penina aone. Nimegeuka kwenye kiti cha pili kumwambia, ni mazoea tu.

Saa tisa. Nimepiga. Haipatikani.

Saa kumi na moja, saa yetu. Hakuna.

Saa kumi na mbili. Ujumbe: "Sato wote wawili nimekula mwenyewe." Nimefarijika. Toka Januari hajawahi kuwa na hamu ya kula.

Saa kumi na mbili na robo. Saa kumi nzima melini bila kulipuka, na mtu haingii. Kutoka hapa mbele anga linaonekana kubwa sana. Nyota zinapita taratibu, nyingine ina mwanga wa kijani, nikadhani ni kitaa.


Jumapili, 17 Agosti

Mama mkwe amerudi kutoka Butiama. Najua kwa sababu saa kumi na moja kamili jina la yule limeingia melini. Nilikuwa nimeshaurudisha ukuta, asubuhi, kabla ya ibada, mtu asiniambie sina adabu.

Penina hakuingia. Nimemtumia ujumbe kuuliza kulikoni. Kajibu mama amekula.

Benson katukuta, kafungua mashambulizi ya nguvu zake zote. Na mzinga wetu haukulia hata mara moja. Mama mkwe yuko pale nyuma, jina lake linaonekana, yuko macho, risasi zimo mzingani, na hapigi. Saa nzima hakupiga! Nadhani safari imemchosha. Mtu wa umri ule kutikiswa na gari mpaka Butiama si jambo dogo.

Na bado hatukufa. Saa moja na dakika kumi na mbili, mimi mbele, yeye nyuma, ukuta katikati, hakuna neno. Benson amechoka, ametuma ujumbe kwamba tangu azaliwe hajaona deraya kama hii, na kaniomba mchoro. Mimi! Kaniomba mimi!

Sasa nimekaa na kufikiri kwa utulivu kwa nini Penina hakuja. Nimeipata. Aliogopa. Wa Kwanza dakika nne, wa Nne sekunde arobaini, nani asingeogopa? Mwanamke anataka kuwa na hakika na mahali anapokaribishwa.

Kesho naongeza tabaka la sita.